Trekta, Keekee na Udongo Mweusi

Maongezi mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay



Tumeombwa tuzungumze juu ya mashine ya kuchimba mashimo ya nguzo, ile inayofungwa nyuma ya trekta. Tulipoona jambo hilo kwenye ratiba tulicheka kidogo, maana sisi si mafundi wa trekta. Sisi ni watu wa maendeleo ya jamii. Diploma yetu ilihusu vikundi, vitabu vya hesabu na namna ya kuendesha mkutano bila watu kugombana. Lakini mashine hii imetufundisha kwa kututia hasara, na kijana mmoja wa kikundi tunachokihudumia imemfundisha kwa uchungu kuliko sisi. Kwa hiyo tumekubali kusimama hapa, na mafundi waliopo watatusahihisha.

Kwa wale ambao hawajaiona, fikirini keekee ya seremala, ile ya kutobolea mbao, halafu ikuzeni mpaka ifike kimo cha mtu. Chini ina ncha inayotangulia. Kando ya ncha kuna meno ya chuma ya kukata, na juu ya meno kuna bati nene lililozunguka mhimili kama skrubu, ndilo linalopandisha udongo. Keekee hiyo inaning'inia kwenye mkono mrefu wa chuma ulioshikwa nyuma ya trekta, na inazungushwa na shafti inayotoka kwenye injini, ile mafundi wanayoiita PTO. Katika matrekta mengi shafti hiyo imepangiwa mizunguko 540 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60, mtaona ni mizunguko 9 kila sekunde. Giaboksi iliyo juu ya keekee inapunguza mwendo, lakini shafti yenyewe iko pale inazunguka mara tisa wakati wewe unasema neno moja. Hiyo tisa msiisahau.

Kuna jambo jingine ambalo sisi hatukulijua, na tungelijua mapema tusingekuwa na hadithi ya kuwaambia. Nyingi za mashine hizi hazisukumi chini. Trekta linaweza kuinua keekee, lakini katika kushuka keekee inategemea uzito wake na meno yake kuuma udongo. Udongo ukiwa mzuri, shimo la futi mbili na nusu linakwisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Udongo ukikataa, keekee inazunguka pale juu ikipiga kelele na kuung'arisha udongo kama chungu. Na mtu akiona mashine aliyoilipia inazunguka bila kushuka, anaanza kutafuta njia ya kuisukuma.

Kikundi chenyewe kiko upande wa Bonde la Lambwe. Wanachama ni 26, wengi wao akina mama. Walikuwa na silanga la maji ambalo walilichimba wenyewe kwa saga, kila nyumba ikitoa mtu. Lakini ng'ombe walikuwa wakiingia moja kwa moja majini, wakibomoa kingo na kuacha mavi mle mle ambamo akina mama wanachota maji ya kupikia. Watoto wakaharisha. Kikundi kikakata shauri: silanga lizungushiwe ua wa seng'enge, na mifugo wajengewe birika la kunywea nje ya ua. Tulipima kwa kamba tukapata mita 90 kwa mita 60, yaani mita 300 kuzunguka. Nguzo moja kila mita 3, jumla nguzo 100. Pesa zilitoka kwenye chama chao cha kila Alhamisi, na ziliwachukua miezi kumi na minne kuzikusanya. Tunataja hiyo miezi kumi na minne kwa sababu baadaye ilikwenda kwa siku moja.

Mashimo 100 kwa mtaimbo na jembe si ajabu kwa akina mama wale. Walishachimba zaidi ya hapo. Ni sisi tuliosema trekta liletwe. Ilikuwa Februari, udongo umekauka, kina mama wamechoka, na sisi tuliona mashine ni maendeleo. Mzee mmoja alituambia tungoje mvua. Tulimjibu kwa heshima, lakini moyoni tulisema huyu ni mtu wa zamani.

Mwenye trekta alitoka ukanda wa miwa. Tulipatana naye kwa mdomo tu: atalipwa kwa kila shimo. Mashimo saba ya kwanza yalikuwa upande wa juu, penye udongo mwekundu wenye kokoto ndogo, na yalikwenda vizuri hata akina mama wakapiga vigelegele. Shimo la nane tuliingia kwenye udongo mweusi. Juu ulikuwa mgumu kama tofali la kuchoma. Keekee ikazunguka, ikazunguka, haikushuka hata kwa kina cha kiganja. Dereva akasema anataka uzito. Vijana wawili wakapanda juu ya ule mkono wa chuma, mmoja nyuma ya mwingine, wakaanza kuuruka-ruka. Keekee ikakuta ufa, ikazama ghafla. Mkono ukashuka kwa kishindo na kijana wa mbele akateleza upande wa shafti. Shafti ilipaswa kuwa na kifuniko cha plastiki, lakini kifuniko kilikuwa kimevunjika siku nyingi. Kijana alivaa koti kuukuu lisilo na vifungo, na shafti ikalishika.

Koti lilichanika kwa sababu lilikuwa kuukuu, ndiyo maana leo tunazungumza habari za mtu aliye hai. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili na bega likachomoka. Alikuwa na miaka 22. Sisi tulikuwa tumesimama hatua kumi kutoka pale, daftari mkononi, tukihesabu mashimo.

Pesa za ua zikaenda hospitali, karibu zote. Mwenye trekta alisema yeye hakumtuma mtu kupanda. Kikundi kikasema kijana alikuwa anafanya kazi ya mashine ya yule bwana. Iko Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Lakini mwanachama aliyekuja saga kwa hiari yake, nani atasema ni mwajiriwa wa nani? Tuliuliza huku na huku na mwishowe kila mtu alirudi nyumbani kwake. Kijana anaendesha duka dogo sasa. Mkono haupandi juu ya bega. Silanga likakaa bila ua mvua nzima.

Tumeanza na habari hii kwa sababu mtu anaweza kusikia mambo ya bolti na meno akafikiri shida ni ya chuma. Shida yetu ilikuwa udongo. Tulipeleka mashine mahali ambapo udongo haukuwa tayari, kisha tukajaribu kuulazimisha kwa miili ya watoto wetu.

Sasa huu udongo wenyewe. Wajaluo wanauita anywang', na watu wa barabara wanauita blaki kotoni. Mnaukuta Lambwe, mnaukuta sehemu nyingi za Ndhiwa, na kule Nyatike kwenye uwanda wa chini wa mto Kuja. Chembe zake ni laini mno na zinakunywa maji zikavimba. Mvua ikija udongo unavimba na kunata kama ugali usioiva. Kiangazi kikija unasinyaa na kupasuka, nyufa ambazo zinaweza kuingia ndani zaidi ya mita moja. Kila mwaka ardhi ile inapanda na kushuka. Ndiyo maana kuta za nyumba zinapasuka huko na nguzo zinalala kama walevi.

Kwa keekee, udongo huu ni mbaya pande zote mbili. Ukiwa mkavu, meno hayaumi. Ukiwa umelowa sana, jambo la pili linatokea ambalo ni baya zaidi kwa trekta: keekee inaingia kama skrubu kwenye ubao. Udongo haupandi juu kumwagika. Unang'ang'ania kwenye bati, keekee inajivuta chini yenyewe, na dereva akijaribu kuiinua anakuta imezikwa. Tumeona trekta likiinua matairi ya mbele kwa kujaribu kung'oa keekee iliyokwama. Hapo trekta linaweza kupinduka.

Lakini katikati ya ukavu na matope kuna siku chache nzuri. Yule mzee alizijua. Mwaka uliofuata tulimfuata nyumbani kwake tukamwomba atuonyeshe, na hakutucheka, ingawa angeweza. Alichimba kwa jembe mpaka kina cha goti, akachukua udongo wa chini kabisa, kwa sababu wa juu unadanganya. Akausokota baina ya viganja kama mtu anayetengeneza utambi. Ukitoa kamba ndefu inayonata mikononi, umelowa mno, nendeni nyumbani. Usiposagika hata kwa kubanwa na vidole vyote, umekauka mno. Ukianza kufanya kamba halafu ukakatika vipande vipande, na mkono ukabaki karibu safi, hapo leteni trekta. Mwaka ule ilikuwa kama siku kumi baada ya mvua ya kwanza ya nguvu, kulipopata jua la siku tatu mfululizo. Msiende na hesabu ya siku kumi. Nendeni na udongo. Shamba la jirani linaweza kutofautiana na lako.

Siku hiyo hiyo tulifanya jambo ambalo halikugharimu hata shilingi, na kama mtachukua moja tu katika maneno yetu, chukueni hili. Kabla ya trekta kuitwa, tulipigilia vijiti 100 mahali pa nguzo, na kwenye kila kijiti akina mama wawili walipiga mtaimbo chini mpaka futi mbili na nusu. Mtaimbo unasema. Katika udongo unaofaa unaingia kwa kuzama. Kwenye murram iliyoshikana unaruka na kutoa sauti kavu. Kwenye jiwe unalia. Tulifunga kamba ya katani kwenye vijiti ambapo mtaimbo uliingia, na vingine tukaviacha wazi. Vijiti 64 vilikuwa na kamba. Ni hivyo tu tulivyomwonyesha mwenye trekta. Vile 36 tulijua toka mwanzo kwamba ni vya mikono yetu.

Watu wengine walinung'unika: kama tunalipia mashine kwa nini isichimbe yote? Hayo ndiyo mawazo yaliyotuponza mara ya kwanza. Mashine ni kama ng'ombe wa kulima. Humpeleki kwenye mwamba kwa sababu tu umelipa.

Sasa mashine ikiwa kazini, dereva mzuri mtamjua kwa mambo haya. Anasimamisha trekta mahali pa usawa na kuvuta breki. Anahakikisha keekee imesimama wima, maana ikiinama shimo nalo linainama. Anazungusha polepole, injini haingurumi kama ya matatu. Anashuka nusu futi tu, anainua keekee ikiwa bado inazunguka ili imwage udongo pembeni, anashuka tena nusu futi. Katika udongo mweusi kupandisha na kushusha huku ndiko kila kitu. Dereva anayeshuka moja kwa moja mpaka chini kwa mara moja ili amalize haraka, huyo ndiye atakayezika keekee.

Na ikizikwa? Zimeni injini. Siyo kupunguza, zimeni kabisa na ufunguo utoke. Wala msidhani dereva atairudisha nyuma kwa injini, kwa kawaida shafti ile inazunguka upande mmoja tu. Chukueni spana kubwa ya mabomba, ile ya mafundi wa maji, mbane mhimili wa keekee juu ya bati, na mzungushe kwa mikono kinyume na ilivyoingia. Mizunguko mitatu, minne, keekee inalegea kama skrubu inavyolegea. Ondoeni spana, watu wakae mbali, ndipo dereva awashe na kuinua taratibu bila kuzungusha. Spana ya namna hiyo iwepo kabla ya kazi kuanza. Sisi tuliiazima kwa fundi wa bomba.

Udongo ukiganda kwenye bati mpaka keekee ionekane kama gunzi la hindi kubwa, unakwanguliwa kwa kijiti, injini ikiwa imezimwa. Tunasema kijiti na tunasema imezimwa, kwa sababu tumemwona mtu akiupiga kwa kisigino cha gumbuti keekee ikizunguka, na alikuwa mtu mzima.

Kuna bolti moja inayounganisha shafti na giaboksi, ambayo imewekwa makusudi iwe laini ili ikatike. Keekee ikigonga jiwe au mzizi mkubwa, bolti inakatika na giaboksi inapona. Bolti ni kitu kidogo cha bei ndogo. Sasa kuna madereva ambao wakichoka kubadilisha bolti wanachomeka kipande cha nondo, ati hakikatiki. Ni kweli hakikatiki. Kitakachokatika ni giaboksi au shafti, na vipande havichagui pa kwenda. Mkiona nondo pale, mwambieni dereva kwa adabu kwamba hamtaanza mpaka bolti yake irudi. Aje na bolti kama kumi za akiba. Zikikatika tatu kwenye shimo moja, shimo hilo mlihamishie kwenye mtaimbo.

Kwa upande wa murram tutapita haraka. Wale wa Rongo, Awendo na Uriri mnaijua: udongo mwekundu juu, halafu tabaka gumu chini. Huko maji yanasaidia, kinyume cha udongo mweusi. Anzeni shimo kwa mkono, kina cha kiganja kimoja au viwili, jioni mmimine maji nusu debe, muyaache yalale. Asubuhi tabaka limelainika. Meno ya keekee yawe makali. Meno yaliyozeeka yakawa mviringo hayakati murram hata mkimwaga ziwa zima. Na wale wa Homa Hills, penye mawe tupu, hatuna ushauri wa trekta kwenu. Jengeni ua wa mawe, au pandeni ojuok.

Shimo likishachimbwa watu hudhani kazi imekwisha, na katika udongo mweusi ndipo inapoanza. Mtazameni ndani. Keekee imeusugua udongo mpaka ukuta wa shimo unang'aa kama umepakwa mafuta. Mkisimamisha nguzo na kurudisha udongo ule ule mweusi, mvua ikija udongo unavimba, unaibana nguzo na kuisukuma juu. Kiangazi unasinyaa na kuiachia. Baada ya misimu miwili au mitatu nguzo imetoka nje kiasi cha mkono na inayumba. Tumeona ua mzima wa shule umelala hivyo, seng'enge ikiwa mpya kabisa.

Sisi tulifanya hivi. Shimo la futi mbili halitoshi kule, tulikwenda mbili na nusu kwa nguzo za kawaida na tatu kwa zile za pembe na lango. Mama mmoja mwenye mtaimbo alipanua tako la shimo kidogo, ili chini pawe papana kuliko juu, na alikwaruza kuta ziache kung'aa. Chini tuliweka kokoto kiasi cha ngumi mbili. Nguzo ikasimama, na kando yake hatukurudisha udongo mweusi hata chembe, tulijaza murram, tabaka la kiganja kimoja kila mara, ikishindiliwa kwa gogo mpaka gogo liruke. Juu tulimalizia kwa kilima kidogo kinachoteremka, maji yakimbie nguzo. Keekee yetu ilikuwa ya inchi 9 na nguzo inchi 4. Kwa vipimo hivyo kila shimo linataka murram lita 25 hivi, na kwa sababu inashuka ikishindiliwa, nguzo 100 zilitaka wilbaro kama 50. Hesabuni hiyo murram kwenye bajeti kabla ya kuita trekta, msije mkabaki na mashimo 100 wazi mkingoja tipa.

Wenye kutumia saruji, angalieni jambo moja. Msimimine ikafurika juu na kufanya kichwa kama uyoga. Udongo ukivimba unakishika kichwa hicho kutoka chini na kuinua nguzo pamoja na saruji yake. Upana uwe chini, juu pawe pembamba.

Mtakaotumia keekee kuchimbia miche, mwangalie ule ukuta unaong'aa pia. Mizizi inazunguka ndani kama iko kwenye chungu na haitoki. Kwaruzeni kuta.

Mashimo wazi yafunikwe siku ile ile. Shimo la inchi 9 ni dogo kwa mtu mzima, lakini mguu wa ndama unaingia wote, na mtoto mdogo pia anaweza kuingia. Tulikata matawi ya miiba tukaweka juu ya kila shimo, na jiwe juu ya matawi.

Sasa habari ya mapatano, ambayo ndiyo kazi yetu hasa. Tulimlipa yule wa kwanza kwa shimo, na mtu anayelipwa kwa shimo atataka shimo lishuke kwa vyovyote. Wengine wanalipa kwa siku, na kwa siku tumeona dereva akila chakula cha mchana saa tatu nzima. Mara ya pili tulipatana kwa shimo, lakini vijiti vyenye kamba ya katani tu. Na shimo ambalo mashine ingelianza ikalishindwa lililipwa nusu. Hiyo nusu ilileta ubishi mkali kwenye kamati, mwekahazina alisema ni kulipia hewa. Tulimweleza kwamba nusu hiyo inampa dereva sababu ya kuacha. Asipopata kitu kwa kuacha, atawaambia vijana wapande. Mwishowe tulilipa nusu kwa mashimo matano tu, na mwekahazina akanyamaza.

Tuliandika karatasi moja, ikasainiwa na mwenye trekta, mwenyekiti na mzee wa kijiji. Iliandikwa kwamba shafti iwe na kifuniko kizima. Kwamba hakuna mtu atakayepanda, kushika au kusukuma mkono wa mashine, hata dereva akisema. Kwamba anayekaa karibu ni dereva peke yake na wengine wote wakae nyuma ya kamba, ambayo tuliiweka hatua kumi na tano. Na kwamba akivunja, kazi inasimama na halipwi iliyobaki. Kuna mwenye trekta aliyesoma karatasi akaondoka zake. Tulimshukuru kwa kuja. Wa pili alikubali, akaenda Awendo kununua kifuniko, akarudi baada ya siku mbili, na udongo ulikuwa bado mzuri.

Akina mama, hapa tunasema nanyi moja kwa moja. Leso ikifungwa kiunoni haiko salama karibu na shafti, wala kitambaa cha kichwani kinachoning'inia. Vijana, koti na kamba za suruali vile vile. Ile tisa kwa sekunde haikupi nafasi ya kuruka. Siku ile tulimweka mama mmoja mwenye sauti kubwa asimamie kamba, kazi yake ikiwa ni hiyo tu, na alimfukuza hata chifu msaidizi aliyekuja kutazama. Chifu msaidizi alirudi nyuma akicheka. Kijana wetu mwenye bega alikuja pia, akakaa chini ya mti siku nzima, na ni yeye aliyeshika daftari la mashimo.

Mashine ilichimba mashimo 59 kati ya yale 64, kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Yale matano yaliyoshindikana na yale 36 ya mkono yalichukua wiki tatu, kwa zamu za Jumanne na Jumamosi. Ua ulisimama kabla ya mavuno, na birika la nje lilifuata.

Tumeulizwa swali kabla ya kikao na mama mmoja kutoka Ndhiwa, kama vikundi viungane vinunue mashine yao. Maoni yetu ni hapana, kwa sasa. Matrekta ya kukodi yako ukanda wa miwa, na keekee isiyo na kazi miezi tisa kwa mwaka itashika kutu nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, kisha mgombane juu yake. Nunueni kwa pamoja mitaimbo miwili mizuri, spana moja kubwa ya mabomba, bolti laini za kutosha na kamba ndefu. Viwekwe mahali pamoja na kila kikundi kisaini kikichukua na kikirudisha. Kama mnakubali, tuanze na spana, kwa sababu ile ya yule fundi wa bomba amesema hataiazimisha tena.